Mtoto Akitetemeka Darasani

Ipo siku moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na kwa kuwa umepangiwa kufundisha kule Terrat, ngoja nikusimulie.

Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi pande za Nkoaranga. Darasani kwangu alikuwepo Neema, binti mcheshi mwenye kisukari. Mama yake alikuwa ameridhia tumsaidie, na nesi alishatufundisha kumpa maji ya sukari iwapo sukari ya mwilini itamshuka.

Asubuhi hiyo, baada ya mchakamchaka, Neema alianza kutetemeka. Jasho lilimtoka, na nilipomwita alijibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nikamwita Mwalimu Saruni wa darasa la jirani.

"Mwambie aende kwao," alininong'oneza. "Akizidiwa mikononi mwako utafungwa."

Niliogopa, sikufichi. Lakini njia ya kwao ilikuwa mteremko mkali. Nikamwomba Saruni asimwache, nikakimbilia ofisini. Kabati tulimoweka sukari lilikuwa limefungwa! Bahati njema Mama Nanyaro, mwalimu mkuu wetu, alikuwa na ufunguo. Neema alikuwa bado anaweza kumeza. Akanywa maji ya sukari taratibu, nasi tukakaa naye. Baadaye kidogo akainua kichwa.

"Mwalimu, mbona mnanikodolea macho?"

Tulicheka mpaka machozi.

Mchana Mama Nanyaro alituita, Saruni akamweleza alichohofia. Hakumdhihaki Saruni. "Hofu yako naielewa," alisema. "Ila mzazi ameridhia na tumefundishwa. Mkifuata mliyofundishwa, mimi nitasimama mbele yenu. Tungemwacha aende peke yake, hapo tungejitetea kwa lipi?" Kisha akanigeukia. "Na wewe, hukuwahi kuuliza ufunguo wa kabati unakaa kwa nani?"

Tangu siku hiyo sukari haikufungiwa tena, na Saruni ndiye aliyekuwa wa kwanza kumuulizia Neema kila asubuhi. Binti alicheza netiboli hadi akamaliza shule. Leo ana duka lake mtaa wa Sakina, na shikamoo yake utaisikia ukiwa ng'ambo ya barabara.

Basi, mwanangu, ukifika shuleni uliza mapema ni mtoto gani anaumwa nini. Kaa na mzazi, nesi na mkuu wako, mkubaliane kwa maandishi nani atafanya nini. Makubaliano hayo yatamlinda mtoto, na wewe pia. Usilofundishwa usilijaribu, na mtoto aliyezidiwa usimwache peke yake.

Mungu akutangulie. Kila mtoto utakayekabidhiwa asubuhi, akujalie umrudishe kwao akiwa mzima na mwenye furaha.