Mitalawanda Kando ya Mlango

Nimetoka chuo kikuu juzi na hubishia kila kitu. Baada ya adhuhuri nilikuwa nihojiwe pale makumbusho kwa kazi ya kuwaeleza wageni vitu vya kale. Nilitangulia na rafiki zangu, Seif na Hamad, tupige picha.

Mlangoni palikuwa na mitalawanda ya mti, imelika visigino.

“Ya liwali fulani, miaka mia,” nikaeleza, nikaivaa. “Piga, Seif.”

“Mbona haina kibandiko?” aliuliza Hamad.

“Vibandiko ni vya wasiosoma.”

Seif alipiga mbili. Nyuma yake alisimama mzee, miguu mitupu ikichuruzika maji ya udhu.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Nivulie, bwana, nkasali. Kuna msomi nnakuja kumhoji.”