Siku Tuliyomtolea Nyanya wa Kisiwa Kilio

Kitabu cha tano kilipoisha, wanawake wa kikundi chetu walilia kama watu waliofiwa. Nami nililia. Lakini wenzangu walilia kwa sababu kiliisha vizuri. Mimi nililia kwa hasira.

Tunakutana siku ya Mungu, baada ya misa na baada ya kula, katika nyumba ya mwalimu mmoja wa zamani hapa Bulengera, mjini Butembo. Yeye anasoma ukurasa kwa Kifaransa, halafu anaugeuza kwa Kiswahili, na sisi tunasikiliza huku mikono inafanya kazi. Mwingine anachambua maharagi ya Musienene, mwingine anashona. Mimi niliishia darasa la sita, Kifaransa nakisikia nusunusu, lakini Kiswahili cha mwalimu hakinipiti hata neno.

Vitabu vile ni hadithi ya familia moja katika kisiwa cha joto, mbali sana na huku kwetu kwenye baridi. Wanalima miwa na vanila, wanagombania mashamba, wanaoana na watu wasiotakiwa. Katika kitabu cha kwanza mama wa familia ile bado ni msichana, lakini sisi tulikuwa tumezoea kumwita Nyanya wa Kisiwa tangu alipoanza kuzaa. Katika kitabu cha pili tufani inamchukua mtoto wake wa pili. Mwili hauonekani. Kuanzia pale, kila jioni, yule mama anaweka sahani ya mtoto wake mezani pamoja na sahani za wengine. Wageni wanauliza, anawajibu kwamba ina mwenyewe. Mume anagomba, padri anakuja kumsemesha, wakwe wanacheka. Sahani inabaki. Kitabu cha tatu iko. Cha nne iko.

Sikuwaambia wenzangu, lakini ni ile sahani iliyokuwa ikinirudisha pale kila juma.

Zamani nilikuwa naishi Beni. Bwana wangu alikuwa na shamba la kakao upande wa Mangina, na siku moja alikwenda kuvuna. Jioni watu walianza kukimbia barabarani na magodoro kichwani, wakisema wauaji wameingia mashambani. Waliokufa waliletwa kesho yake. Niliwapita wote, mmoja mmoja, hakuwepo. Mashamba mengine yalichomwa, letu halikuchomwa. Kikapu chake kilikuwa palepale, kakao ndani. Sijui zaidi ya hapo, na tangu siku ile sijakutana na mtu anayejua zaidi.

Nilipanda Butembo kwa dada yake mkubwa, ambaye alinipa chumba katika kiwanja chake. Namwita yaya. Ni mtu mzuri, naye yuko katika kikundi chetu. Familia ikafanya misa bila mwili, tukavaa nyeusi wote. Mwaka ulipopita walikusanyika, wakajimwagia maji, wakavua. Kwetu siku ile ya kutoa kilio, mjane anapaswa kusimama na kusema mbele ya watu: amepumzika, nimemwachilia. Mimi niliposimama maneno hayakutoka. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na kiburi. Nilikuwa sijui kama amepumzika, na sijazoea kusema mbele ya watu jambo nisilolijua. Nikakaa chini. Nguo nyeusi ikabaki mwilini.

Kitabu cha mwisho tulikingoja muda mrefu. Rafiki yetu mmoja, Muislamu mwenye meza ya vitenge sokoni, ana bwana anayeendesha lori kati ya Butembo na Beni. Ni yule bwana aliyekiona Beni, katika duka la madaftari, akakileta chini ya kiti, kimefungwa kwa plastiki kama nyama. Siku kilipofika tulipiga vigelegele.

Mwalimu alikisoma kwa majuma mengi. Kilikuwa kinene, kimejaa ndoa. Halafu tukafika mwisho. Asubuhi moja Nyanya anaamka, anachukua ile sahani, anaiosha, anampa mjukuu wake aliyekuwa anaolewa. Haelezi kitu. Jioni anacheza kwenye harusi, usiku anakufa amelala, watu wote wanasema ameondoka na amani. Kurasa hazikufika hata mbili.

Mwalimu alifunga kitabu. Kila mtu akapangusa macho. Halafu maneno yakaanza.

“Aah! Hii ndio kitabu inapita zote ine,” yaya akasema. “Umeona vile aliachilia? Mama ya nguvu, ule.”

“Mimi sikupenda ule baba mudogo mubaya,” yule wa vitenge akasema. “Ameiba mashamba ya batu kutoka kitabu ya kwanza, na anakufa mu kitanda, mashuka mweupe! Hata nazi moja ikose kumuanguka ku kichwa?”

Tulicheka. Fundi wa nguo, ambaye ndiye kijana kati yetu, akasema yeye angependa harusi ziwe nyingi zaidi. Mwalimu akasema mwandishi amezeeka, sentensi zimekuwa fupi, lakini mwisho ni mwisho wa mtu mwenye hekima.

“Na weye, mama?” mwalimu akaniuliza.

“Ningali nafikiri,” nikasema. Ilikuwa kweli.

Ni yaya aliyeleta lile wazo. Alisema tumeishi na yule nyanya miaka, tumemlilia, donc, basi, hatuwezi kumwacha hivihivi kama mbuzi. Tumfanyie kilio na tukitoe siku hiyohiyo. Tupike, tununue kikwembe, yaani kitenge cha namna moja, wote, na kila mtu asimame aseme neno lake juu ya kitabu. Wenzangu walicheka sana, halafu wakaona kwamba hachezi. Wakachanga. Yule wa vitenge akaleta kitambaa cha buluu chenye majani makubwa, bei ya rafiki.

Jioni moja yaya aliniletea changu chumbani. Kilikuwa kimekwisha kushonwa. Fundi alikuwa na vipimo vyangu.

“Siku ile utavaa hii,” akasema. “Na ile nyeusi itaisha palepale, pasipo makelele. Batu watakuwa banalia nyanya, hakuna mutu atakuangalia sana.”

Nikaelewa. Kilio cha kitabu kilikuwa mlango wa nyuma. Angeniingiza humo, nikitoka niwe mjane aliyemaliza.

“Yaya,” nikasema, “hiyo kilio ni ya nani?”

“Ni ya nyanya.”

“Basi tumulie nyanya.”

“Mwenzako wa mu kitabu ameweza,” akasema. “Mtoto wake wa kuzaa! Wako weye ni bwana tu.”

Hakusema kwa ubaya. Alikiweka kikwembe kitandani akatoka. Nilikaa nacho. Ndipo nilipomaliza kufikiri juu ya kitabu cha tano, na hasira yangu ikapata njia.

Siku yenyewe tulikuwa wengi, maana majirani nao walisikia harufu ya chakula. Bundu, ugali wetu, lilikuwa tayari, sombe la majani ya muhogo, maharagi, nyama kidogo. Wanawake wa kikundi walikuwa wamevaa buluu na majani makubwa, wamekaa mistari miwili ugani. Mimi niliingia na nyeusi yangu, nimeifua na kuipiga pasi. Yaya aliniona. Midomo yake ikabana, akageukia sufuria. Mwalimu alikuwa ameweka vile vitabu vitano juu ya kiti, juu yake maua.

Kila mmoja akaanza kusimama. Na hapo niliona kosa tulilofanya. Kwetu, siku ya kutoa kilio, marehemu hasemwi vibaya. Hata kama alikuwa mlevi aliyepiga watu, siku ile alikuwa mchangamfu. Tulikuwa tumekipa kitabu kilio, na sasa kitabu kilikuwa marehemu. Yule wa vitenge, aliyetaka nazi imwangukie baba mdogo, alisimama akasema ni kitabu chenye mafundisho. Mwalimu hakutaja tena sentensi fupi. Fundi akasema harusi zilitosha. Yaya alisema kwamba kinawafundisha wanawake wa Butembo na wa Beni kuachilia. Alinitazama aliposema wa Beni. Watu wakapiga makofi.

Nikasimama.

“Mimi ni mutu wa kunyamaza,” nikasema, “na masomo yangu ni kidogo. Vitabu vine vya kwanza nilivipenda. Hii ya mwisho inasema uongo.”

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mwalimu akashika miwani yake.

“Ule mama aliweka sahani vitabu vitatu. Bwana aligomba, akaweka. Padri alikuja, akaweka. Sasa anaamka asubuhi moja anaiosha, na hakuna mutu anatuambia ni nini imebadilika. Mwili ilionekana? Hapana. Mutu alileta habari? Hapana. Mimi nasema hivi: ule mama hakutosha sahani, hakuiondoa mezani. Mwenye kuandika ndiye aliitosha. Alikuwa anachoka, alitaka kumaliza, na sahani ilikuwa inamuzuia kufunga mlango.”

“Mais, lakini ni hadithi, mama,” fundi akasema polepole.

“Ni hadithi, ndiyo. Na ndani ya hadithi alikuwa mutu mukweli mpaka ukurasa ile.”

Yaya alisimama. Kikwembe chake kipya kilikuwa bado na ugumu wa dukani. “Sema wazi,” akasema. “Unaongea kitabu ao unaongea ndugu yangu?”

Ningeweza kusema kitabu. Watu wangecheka kidogo, tungeenda kwenye bundu.

“Naongea ndugu yako,” nikasema. “Hivyo vitabu nilikuwa navisikiliza kwa sababu yake.”

Wanawake waligeuza vichwa kumtazama yaya.

“Wote wanavua,” yaya akasema. “Mama yangu alivua. Mimi nilivua. Unafikiri sisi hatukumupenda? Weye ndiye peke yako mwenye roho?”

“Hapana, yaya. Muliweza kusema amepumzika. Mulisema kwa imani yenu, na sikuwahi kuwacheka. Mimi sijui kama amepumzika. Sisemi ni muzima. Sisemi amekufa. Nimepita wafu wote wa siku ile na macho yangu, hakuwemo. Munataka niseme neno lingine zaidi ya lile niliona. Sitasema. Wala kwa kilio ya mutu, wala kwa kilio ya kitabu.”

“Mimi ninachoka,” yaya akasema. “Kila asubuhi nafungua mlango naona hiyo nyeusi inafagia kiwanja. Kila asubuhi anakufa tena. Unanisikia? Ninachoka.”

Lile neno liliniingia, kwa sababu lilikuwa kweli, na sikuwa nimelifikiri hata mara moja. Lakini halikubadilisha lile nililolijua.

“Choka, yaya,” nikasema. “Ni haki yako. Nikikuumiza macho nitatafuta chumba pengine, na tutabaki ndugu. Lakini usichoke kwa ajili yangu. Mimi ningali na nguvu.”

Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Yule wa vitenge aliinuka, akavuta kiti chake mpaka karibu na changu, akakaa. Halafu akasema kwa sauti kubwa, kama anayeita wateja, “Na ule baba mudogo pia alipashwa kuangukiwa na nazi. Nilisema uongo mbele ya chakula, Mungu anisamehe.” Watu wakacheka kwa nguvu kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili. Mwalimu akasema basi na yeye aseme: sentensi zilikuwa fupi mno, na harusi ya mwisho ilimchosha. Wakaanza kugombania kitabu vizuri, kama tulivyozoea, huku wanakula. Fundi peke yake alikitetea mpaka mwisho, na nilimheshimu kwa hilo.

Yaya hakula. Aliingia ndani.

Nilianza kuulizia chumba. Nilikipata kimoja, bonde la pili, kwa mama mmoja muuza mkaa. Jioni niliyokuwa nafunga vitu vyangu, yaya alikuja akasimama mlangoni na mwiko mkononi, amevaa gauni la jikoni. Alitazama godoro lililokunjwa.

“Nani alikufukuza?”

“Hakuna.”

“Basi kunjua hiyo godoro. Batu wa Bulengera watasema nilifukuza muke ya ndugu yangu kwa sababu ya kitabu.” Aliangalia mwiko wake. “Siku akirudia hapa nyumbani, utamwambia ni mimi nilitaka uvue?”

“Ndiyo, yaya. Nitamwambia.”

“Kweli kabisa utasema?”

“Akiuliza, nitasema.”

Alitikisa kichwa kwa muda. Niliona anajizuia kucheka, na machozi yakiwa karibu.

“Mutu gani huyu, hata uongo kidogo hawezi,” akasema. “Basi umwambie pia nilikulisha. Kuja, bundu inapoa.”

Nikamfuata. Tukala. Asubuhi niliamka mapema, nikavaa nyeusi, nikafagia upande wangu wa kiwanja. Yaya alifungua mlango, akaniona, akanisalimu.