Gazeti Letu la Kwanza na Ngamia wa Mama wa Griftu

Watu wakiuliza nani alianzisha gazeti la kwanza la mji wetu, hutajiwa mwalimu. Ni haki yake. Lakini karatasi na wino nilinunua mimi, na meza ilikuwa ya hoteli yangu. Nasema wazi kwa sababu ni kweli. Nilianza kwa kuchunga ngamia wa watu, nikaishia kujenga hoteli ya chai ya mabati, na hakuna aliyenishika mkono. Shule niliishia darasa la pili, basi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Magazeti ya Nairobi yalitufikia kupitia Garissa yakiwa yamefungia sukari, na ndani yake sisi hatukuwemo ila kukiwa na risasi. Mvua yetu, visima vyetu, harusi zetu, hakuna. Siku moja nikamwambia mwalimu, mtu wa pwani aliyekuwa akinywa chai kwangu kila jioni, "Mwalimu, si tuandike letu?" Akacheka, kisha akakubali. Shule yake ilikuwa na mashine ya kuchapia mitihani, ile ya kuzungusha kwa mkono. Akaomba ruhusa, akapewa.

Likatoka gazeti la karatasi mbili. Wasomaji walikuwa wachache, kwa hiyo baada ya swala ya alasiri mwalimu alilisoma kwa sauti hotelini, na mji mzima ukasikiliza. Madereva wa malori walichukua nakala hadi Wajir na Griftu, na huko likasomwa vivyo hivyo.

Sasa nieleze kosa langu. Wiki ya toleo lile la kwanza, ngamia jike mwenye mimba alikuja kisimani na kundi langu, amepotea, amechoka, mbavu zinahesabika. Nikamfunga pamoja na wangu. Kwetu kila mtu anajua, aliyeokota ngamia hutangaza kwamba amempata, halafu hufunga mdomo. Chapa haitaji, sikio halitaji. Anayedai ndiye aseme. Hata mtoto wa miaka saba analijua hilo. Lakini mwalimu akaniambia habari nzuri ni ile iliyokamilika, na mimi nilikuwa na hamu ya kuona maneno yangu kwenye wino. Nikasema yote, naye akaandika: rangi, chapa ya moto shingoni, sikio la kulia lililokatwa ncha, na kovu la paja "lililopinda kama mwezi mchanga." Hilo la mwezi nililipenda sana. Nilimfanya alisome mara tatu.

Kabla wiki haijaisha walikuja wanaume watatu, kila mmoja siku yake. Wa kwanza nikamuuliza, "Alama?" Akataja chapa, akataja sikio, akamaliza, "Na kovu limepinda kama mwezi mchanga." Yalikuwa maneno yangu mwenyewe yananirudia. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa na gazeti lenyewe mfukoni, linachungulia.

Nikawaambia wote wasubiri. Walisubiri kwa chai yangu, walahi, na sambusa.

Siku ya tisa akashuka mwanamke kwenye lori la kutoka Griftu, mjane wa makamo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakusalimia sana.

"Wewe ndio mwenye gazeti?"

"Ndio mimi, abaayo, dada yangu."

"Umeandika ngamia yangu mpaka imebaki uchi. Mama yako hajakufundisha? Watoto wangu wanne wanangoja maziwa ya hiyo ngamia ikizaa. Sina ingine. Ukame umemaliza zote. Na wewe umeita wezi kwa barua!"

Wanaume watatu wakacheka. Mmoja akasema, "Mama, hata wewe umesomewa gazeti kama sisi. Unajua nini zaidi?"

Mama akampa mgongo. Akaniita pembeni pamoja na wazee wawili wa kisima, akatunong'oneza: chuchu ya nyuma ya kushoto imeziba tangu kupe alipoiuma, ncha yake ngumu kama punje ya mahindi. Hatukuwa tumeligundua hilo. Ngamia alikuwa mkavu, nani angemkamua?

Tukawaita mmoja mmoja nyuma ya jiko na kuwauliza habari za chuchu. Wa kwanza alisema zote nne nzima. Wa pili alisema mbili za kulia ndizo mbovu. Wa tatu alimaliza chai yake, akasema anakwenda kutawadha, na mpaka leo hajarudi.

Tukamfunga ngamia miguu. Mzee mmoja akapeleka mkono chini, akapapasa, akamwitikia mama kwa kichwa. "Mchukue."

Mama hakulia wala hakunishukuru. Alikagua miguu ya mnyama, akakagua macho, ndipo akaja kuketi akanywa chai. Nikamwomba msamaha mbele ya watu, jambo ambalo sikulizoea. Akasema, "Msamaha nimekubali. Sasa andika kwamba imepatikana. Shemeji zangu wanaitafuta huko Bute kwa miguu, wanakufa kiu bure."

Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya kwanza ya toleo la pili. Lori lililibeba hadi Bute. Shemeji zake walisomewa kisimani, wakarudi nyumbani wazima.

Tangu siku hiyo tangazo letu la mnyama likawa maneno machache: ngamia amepatikana, mwenyewe aje aseme. Vijana wa mji walinitania, "Adeer, mzee wetu, gazeti gani hili linaficha habari?" Niliwajibu wakamuulize mama wa Griftu. Mwalimu namshukuru kwa herufi, Mungu amlipe. Lakini yule mama alipanda lori siku mbili akaja kunigombeza, na bila yeye watu wasingeliamini gazeti letu tena, wala mimi mwenyewe nisingeliamini. Kila Ijumaa namwombea dua, yeye na watoto wake wanne.