Simu iliyotaka jina la baba mkwe

Saa tatu asubuhi, kijijini Mugoma, wilayani Ngara. Rogasian amesimama juu ya kichuguu nyuma ya migomba, simu sikioni, anakohoa kwa nguvu. Anasikiliza. Anakata. Anapiga tena, safari hii redio ikiunguruma begani. Anapiga mara ya tatu na kujibu kabla hajaulizwa.

Jirani yake Danstan, anayegeuza kahawa kwenye chanja, anapaza sauti: "Rogasian, huyo dada wa kwenye simu bado hajakukubali tu?"

"Ananikubali kila mara," anajibu. "Hilo ndilo linalonipa wasiwasi."

Rogasian, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni mjaribu wa mifumo ya simu na kompyuta. Wenzake walioko Mwanza wanatengeneza. Yeye anatafuta mahali panapoweza kuvunjika kabla mtu hajaumia. "Kwa ufupi, nalipwa kukosea," anasema. Siku yenye kazi hupata shilingi elfu ishirini. Siku nyingine analima maharage kama watu wote. Na anapanda kichuguu kwa sababu akishuka kidogo tu, simu inakamata mnara wa Burundi na salio linayeyuka.

Kazi hii ina upweke wake. Anayejenga hupongezwa, anayejaribu huleta habari mbaya, tena kwa watu anaowapenda.

"Mtu kahangaika na kitu chake wiki nzima," anasema taratibu. "Wewe unampigia kumwambia kina ufa. Hata ukimsalimia vizuri, anajua unachokuja nacho."

Huduma anayoijaribu ni ya wajawazito. Mama anapiga namba bila malipo, anajisajili kwa sauti yake, kisha anakumbushwa siku za kliniki. Ni sauti kwa kuwa si wote wanaosoma. Maswali ni matatu: jina lako, kitongoji chako, jina la mkuu wa kaya. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu wahudumu wa afya wamekwisha kuandikisha kaya zote kwa majina ya wakuu wao.

Rogasian aliijaribu kwa sauti yake na za wadogo zake wawili, kwenye upepo na katikati ya kelele za mnada. Ijumaa moja akawaandikia wenzake neno walilokuwa wakilingoja: imepita. Uzinduzi ukapangwa Jumatano, wageni wakaalikwa.

Jumapili, baada ya misa, alimkabidhi simu mke wake, Scolastica. Hakuwa na shaka yoyote. Alitaka tu mkewe ajue anachofanya kule kichuguuni.

Scolastica alijibu swali la kwanza na la pili bila kusita. La tatu likamnyamazisha.

"Sema basi, Mama Ansbert. Inasubiri."

"Niseme nini?"

"Jina la mkuu wa kaya. Si tunakaa kwa mzee? Sema Pro..."

"Baba Ansbert! Mzee yupo hapo nje!" Scolastica akaziba mdomo kwa khanga, kicheko na haya vikimjia pamoja. "Nimtaje baba mkwe? Tena kwenye simu, nisikojua nani anasikiliza?"

Simu ikangoja kidogo, ikasema asante na kwaheri, ikakata.

Katika familia nyingi za huku, mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Kwa miaka kumi na minne Scolastica amemwita mzee huyo Baba Renatus, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Rogasian amezaliwa ndani ya desturi hiyo, na haikumjia akilini hata mara moja.

"Mimi ni mwanamume. Jina la baba nalitaja tangu utotoni," anasema. "Mlango ulikuwa wazi kwangu, nikasahau kwamba ni mlango."

Alipochungulia kumbukumbu za mfumo ndipo alipoona ubaya wenyewe. Kila simu iliyokatika kwa ukimya iliwekwa kwenye fungu la mtandao mbovu. Na nani angebisha? Wanawake wangenyamaza kwa heshima, mashine ingeulaumu mnara, na kliniki ingeendelea kuwangoja.

Naye angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Alasiri ile alirudi kanisani, akakaa peke yake kwenye benchi la nyuma. "Sikuomba kitu kikubwa. Niliomba aibu isinifanye mwongo."

Alipotoka alimpigia Irine, binti aliyeitengeneza sehemu ile ya maswali.

"Kaka, Ijumaa si uliandika imepita?"

"Niliandika. Nakuja kulifuta."

"Wageni wamealikwa, kaka! Si umfundishe tu shemeji? Jina moja, sekunde mbili."

"Dada Irine, nyumbani kwenu mama anamtaja babu yako, mzaa baba?"

Irine akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Hajawahi. Nilipokuwa mdogo nilidhani amelisahau jina lake."

Uzinduzi uliahirishwa. Mkuu wao hakufurahi, na mpaka sasa Rogasian hajui kama ataitwa tena kazi hii ikiisha. Irine amebadilisha swali: ukimya ukizidi, simu haikati, inauliza mkuu wa kaya anaitwa baba nani. Wahudumu wa afya nao wanapita kwenye kaya kuongeza majina hayo.

Mzee Protasi mwenyewe, alipoelezwa kisa kizima, alitikisa kichwa. "Mkwe wangu ana adabu. Mashine ndiyo ikafundwe."

Mashine imefundwa, lakini Rogasian hathubutu kusema imepita. Sauti yake ilikubaliwa tangu mwanzo, haithibitishi kitu. Kesho, wajawazito kutoka Mugoma, Mabawe na Bugarama watakuja nyumbani kwake kupiga namba hiyo mmoja mmoja. Scolastica ndiye msimamizi, na amri yake ya kwanza ni kwamba hakuna mwanamume ndani.

Rogasian amepangiwa kuchemsha viazi. Anatamani baadaye kila huduma anayoletewa ianzie kwa kikundi kama hiki, nao walipwe kama yeye. "Nikae nje, nisikilize," anasema.

Scolastica, akipanga viti, anamsahihisha bila kugeuka.

"Kusikiliza hakutoshi. Aandike tutakachomwambia. Na tukinyamaza, aandike kwamba tumenyamaza."