Simu Iliyoingia Tukisubiri Shawarma

Siku za kazi nilikuwa nakula shawarma kwenye mgahawa mdogo mtaani Chuno, ambako unaagiza kaunta na kusubiri umesimama. Muuzaji alikuwa mama mcheshi, mzaliwa wa Kitaya, kando ya mto Ruvuma, mpakani. Mchana mmoja alikuwa ananikatia nyama, simu yake ikaita. Alisikiliza, kisu kikiwa hewani, akajibu maneno machache, simu ikakatwa.

"Ni dada yangu wa kijijini," alituambia tuliokuwa kwenye foleni. "Watu wanavuka mto kutoka upande wa pili. Wamebeba watoto na magodoro. Wanasema vijiji vyao vinachomwa moto."



"Na dada, mama?" nikauliza.

"Nimemwambia aje leo leo, mwalimu. Shemeji ndiye aliyegoma. Anasema mpunga hauachwi shambani."

Alinifungia mkate, akazima gesi, akawaomba radhi waliokuwa nyuma yangu. Sikuweza kula.

Jioni nilipita tena. Dada alikuwa amefika, amekaa na wanawe kwenye viti vya wateja, miguu imejaa vumbi. Mama yule alikuwa anampigia shemeji, anakata, anapiga tena. Simu haikupatikana.