Nilichomtafsiria Msimamizi

Mwaka wangu wa pili Johannesburg, tangu nitoke Kongo, nilikuwa mlinzi wa mchana kwenye stesheni ya reli ya zamani, upande wa Doornfontein. Treni ziliacha kusimama pale kabla sijazaliwa. Paa lilikuwa limeliwa na kutu, na kazi yangu ilikuwa kuwazuia wezi wa vyuma.

Mtu mmoja nilimwingiza mwenyewe: mama Mrundi, fundi cherehani, aliyefukuzwa chumbani kwake mtaa wa Hillbrow. Nilimfungulia chumba kilichokuwa cha kukatia tiketi. Akaweka cherehani dirishani, akawa anashona sare za shule na kunipikia maharage. Hata suruali yangu ya kazi aliibana yeye. Aliniita mwanangu, nami nilipenda kuitwa hivyo.

Siku moja asubuhi msimamizi wangu akaja bila kupiga simu, pamoja na wanaume wawili. Jengo lilikuwa limepata mpangaji.

"Huyu kaingiaje?" akaniuliza.

"Sijui, bosi. Labda aliruka ukuta."

Mama hakujua Kiingereza. Alinitazama, akasema taratibu kwa Kiswahili, "Mwanangu, mwambie natoka. Naomba tu wanisaidie kubeba cherehani, mgongo unaniuma."

"Anasema nini?"

Niliogopa. Akipewa muda, angempata mtu mwingine wa kumtafsiria, na ingejulikana nani alimfungulia mlango.

"Anasema hatoki," nikajibu. "Mkimgusa, atalitia moto jengo."

Wale wanaume hawakungoja neno jingine. Mmoja aliinua cherehani akaitupa relini, ikapasuka. Mwingine alimkunja mama mkono nyuma, akaanza kumburuta.

"Mwambie tena, mwanangu!" alilia. "Hajakusikia vizuri! Mwambie natoka!"

Nilimjibu kwa Kiingereza, nikijua hataelewa.

Msimamizi alinipigapiga begani. "Sharp," akasema, yaani safi sana. Baada ya wiki chache nilihamishiwa Randburg, kulinda ofisi zenye kiyoyozi.

Karibu mwaka ukapita. Nikiwa nanyolewa Hillbrow, kinyozi, naye Mrundi, akanisimulia habari za mama mmoja wa kanisani kwao. Mkono wake ulivunjwa stesheni, ukaunga vibaya, hashoni tena. Siku hizi analishwa na waumini.

"Lakini kila Jumapili anamwombea mlinzi mmoja Mkongomani," kinyozi akasema. "Anasema alijitahidi sana kumtetea, wakakataa kumsikiliza."

Sikumsahihisha. Nilimwomba apunguze kidogo pembeni.