Nameza Dawa ya Kujikinga, Ukweni Wananiita Mgonjwa

Admin, jina langu baki nalo, lakini haya mengine yaweke yote bila kupunguza. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nimeolewa upande wa Kiritiri, kwetu ni Kanyakine. Mume wangu anaendesha lori la mchanga, na huko Ruiri ana mwanamke mwingine. Sikuambiwa na watu, aliniambia mwenyewe, tena akila chakula nilichopika. Kondomu hataki hata kuisikia.

Basi nikaenda kliniki nikaanza kumeza PrEP, ile dawa ya kumkinga mtu asipate virusi vya ukimwi. Kila nikienda kuongezewa napimwa kwanza, na virusi sina. Shida ni kwamba kliniki yetu inaitoa katika chumba kimoja tu, kile cha mwisho, ambako walio na virusi huchukua dawa zao. Mlango wake unatazamana na foleni ya kupima watoto uzito. Ukiingia pale, kufikia jioni soko lote limeshakupa ugonjwa. Siku moja nilipoingia, dada ya mama mkwe alikuwa kwenye foleni hiyo na mjukuu.

Nilimwambia sista, "Si mngetupatia hii dawa kwa room ya family planning? Huko kila mama anaingia na hakuna mtu anauliza." Akanijibu, "Hiyo ni maneno ya wakubwa, mama. Na wewe ndio wa kwanza kulalamika." Wa kwanza! Wenzangu wanaogopa hata kukanyaga pale, watalalamikia wapi?

Habari zilipofika nyumbani, mume wangu akaita wazee wa ukoo. Mbuzi akachinjwa, nikapika mimi, halafu mama mkwe akanipakulia kando, kwa sahani ya plastiki. Niliumia sana, lakini nyama nilikula. Mume wangu akasimama: "Huyu ameleta ugonjwa kwa boma. Kama si mgonjwa, mbona anakunywa dawa ya wagonjwa?"

Nikasimama pia. Najua mke hasimami hapo kama hajaulizwa, lakini nilisimama. Nikasema, "Wazee, twendeni kliniki saa hii, mimi na yeye. Tupimwe wote wawili, majibu yasomwe mbele yenu." Heh! Mwanamume akakumbuka kwamba lori linamngoja. Mama mkwe akasema, "Mwanaume hapimwi juu bibi amesema." Na wazee, wakiwa wameshiba mbuzi, wakaamua: niache dawa, ama nirudi kwetu.

Sijaacha. Nameza kila asubuhi, mezani, hata yeye akiwepo. Nimerudi kliniki kumwambia mkubwa wao ahamishe dawa ile, na nitarudi tena hadi wanichoke. Wanawake wawili wameshanifuata shambani kuniuliza, kwa sauti ya chini, inapatikanaje. Nikirudi Kanyakine nitaipata huko na nitalala kwa amani. Lakini hili shamba la ndengu nimelilima kwa mikono yangu, na wanangu watatu wanasoma hapa. Mbona niondoke mimi?

Sijawaandikia mniambie kama niendelee kumeza, hilo nimeshaamua. Nishaurini jambo moja tu: nikae nipigane, au nichukue watoto niende? Na yeyote atakayeniambia niache dawa, kwanza amlete mume wangu apimwe.